Niliambiwa banda la shira halihitaji kibali

Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema huko Pangani. Tembo la asubuhi, kabla halijachacha, bibi alilitia kwenye sufuria nyeusi na kulikokea moto wa vifuu mpaka likawa asali nzito ya rangi ya kahawia. Banda alilochemshia lilikuwa nguzo nne na makuti, nyuma ya nyumba, na sidhani kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kujiuliza kama lilihitaji karatasi ya serikali. Ndiyo maana nilipohamia jimbo la Vermont, Marekani, nikawaona watu wa huku wanagema miti mwezi wa tatu na kuchemsha utomvu ndani ya vibanda vinavyofuka mvuke bonde zima, nilijiona nimefika kwa watu ninaowajua.

Mti wenyewe unaitwa mepo, kwa Kiingereza maple. Utomvu wake hutoka mwembamba kama maji ya kunywa, una sukari asilimia 2 hivi, na hutiririka pale tu usiku unapoganda na mchana ukapata joto kidogo. Ili upate galoni 1 ya shira unahitaji galoni kama 40 za utomvu. Zile 39 lazima ziondoke hewani. Mwaka wa kwanza tulichemshia jikoni, ndani ya nyumba, na usiku wa pili karatasi ya ukutani juu ya dirisha ikaanza kubanduka yenyewe, imelegea kama ngozi ya maziwa. Tukahamia nje, kwenye matofali ya saruji na karai pana la chuma. Misimu miwili tulichemsha hivyo, theluji ikiangukia ndani ya karai, upepo ukipeperusha majivu juu ya shira. Anayejua kazi hii atanielewa nikisema kwamba saa ya mwisho ndiyo ngumu. Shira huiva ikipita kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 7 za Farenhaiti, na ukigeuka nyuma dakika mbili kufuata ukuni, karai linaungua. Banda kwa kazi hii ni chombo cha kazi kama lilivyo karai lenyewe.

Basi tukaamua kujenga. Futi 12 kwa 16, paa la bati, sakafu ya kokoto, na juu ya kipaa kijumba kidogo chenye milango miwili inayovutwa kwa kamba ili mvuke upate pa kutokea. Kabla ya kununua hata ubao mmoja nilipiga simu ofisi ya mji wetu, nikaeleza ninachotaka kufanya. Aliyepokea alinijibu kwa ukarimu kabisa: banda la shira ni kilimo, na kilimo hakihitaji kibali. Nikamshukuru. Nikanunua mbao, nikachimba mashimo sita, nikamimina zege. Wiki tatu baadaye ikaja barua: nisimamishe kazi, mimi si mkulima.

Nataka nieleze kilichotokea kwa utaratibu, kwa sababu nimegundua kwamba hata watu waliozaliwa hapa hawakijui.

Sheria ya jimbo la Vermont inawakataza miji kudai kibali cha matumizi ya ardhi kwa majengo ya shamba. Na katika tafsiri ya sheria, kutengeneza shira ya mepo ni kilimo, imeandikwa waziwazi. Mkulima anayejenga banda la shira anachotakiwa kufanya ni kuupa mji taarifa kwa maandishi, aambatanishe mchoro unaoonyesha umbali wa banda kutoka mipaka ya majirani, barabara na maji, kisha afuate umbali huo. Basi. Ni sheria nzuri na naiunga mkono kwa moyo wote. Jimbo hili ndilo linaloongoza Marekani nzima kwa shira ya mepo, na isingewezekana kama kila mzee mwenye msitu angesumbuliwa kwa kila ubao.

Lakini ni nani mkulima? Hapo ndipo nilipoanguka. Kanuni za kilimo za jimbo, zilizoanza kutumika mwishoni mwa 2016, zina vigezo, na ukitimiza hata kimoja umehesabiwa. Uwe na ekari 4 zilizoungana zinazotumika kwa kilimo. Au uwe na mapato ghafi ya dola 2,000 kwa mwaka kutokana na mazao. Kuna vingine pia, vya idadi ya mifugo na vya fomu ya kodi ya mkulima. Mimi nina ekari moja na nusu kasoro. Nina mirija 40, yaani vile vibomba vinavyopigiliwa mtini ili utomvu utoke. Mrija mmoja kwa ndoo hutoa kama galoni 10 za utomvu kwa msimu, yaani robo galoni ya shira, kwa hiyo mwaka mzuri nazalisha galoni 10. Hata ningeuza zote kwa dola 50 galoni, zingekuwa dola 500. Ili nifikie zile 2,000 ningehitaji mirija 160, na mepo zangu zote, nikihesabu na zile nyembamba ambazo hazipaswi kutobolewa, hazifiki hata 60.

Kwa hiyo jirani yangu mwenye ekari 90 na mirija elfu kadhaa, anayechemsha kwa mitambo, anaandika barua na mchoro. Mimi mwenye ndoo 40 naomba kibali kamili, sawa na mtu anayejenga gereji ya magari mawili, nalipa ada, nasubiri. Tena kanuni za mji wetu zinataka jengo la ziada likae futi 25 kutoka mpaka wa pembeni. Mashimo yangu yalikuwa futi 18. Zege la nguzo sita nililivunja kwa nyundo mimi na mwanangu, Jumamosi mbili, na vipande vyake bado viko pale kando ya uzio.

Sikatai ule umbali. Nimefikiri sana kuhusu hili, na nasema waziwazi: moto unaochemsha galoni 30 kwa saa kadhaa si mchezo, na jirani yangu ana haki ya kutolala nao dirishani. Afisa wa matumizi ya ardhi alipokuja kukagua aliuliza maswali ambayo ningependa mtu angeniuliza tangu mwanzo. Ukuta wa nyuma ya jiko una bati lenye nafasi ya hewa nyuma yake au ni ubao mtupu? Bomba la moshi litapanda kiasi gani? Alinionyesha kwa mkono, akisimama juu ya theluji: lipite futi 3 juu ya pale linapotoboa paa, na liwe futi 2 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya futi 10. Mchoro wangu ulikuwa na bomba fupi. Lile zungumzo la dakika 20 huenda limeliokoa banda langu, na namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Ninachokipinga ni kwamba zungumzo lile lilikuja baada ya zege. Yule wa kwanza kwenye simu alihitaji swali moja tu: una ekari ngapi? Hakuniuliza, na mimi sikujua kwamba ni swali. Neno lake nililichukua kama ruhusa, kwa sababu ninakotoka, neno la ofisi ukilipata bila kuzungushwa unalishika kwa mikono miwili.

Nadhani dawa yake si ngumu. Mji ungeweza kuandika katika kanuni zake kwamba banda dogo la kuchemshia utomvu, lisilozidi ukubwa fulani, lisilolaza mtu, lisilo na choo wala sinki, liombwe kwa taarifa na mchoro kama lile la mkulima, na umbali na bomba la moshi vikaguliwe. Nasema choo na sinki kwa makusudi. Ukishaingiza maji machafu hapa Vermont umegusa kibali kingine, cha jimbo, cha mfumo wa maji taka, na huko sitaki mtu asamehewe kitu, kwa kuwa kisima cha jirani kiko chini ya miguu yake. Lakini banda la nguzo sita, karai na kuni? Kwa nini mwenye miti michache abebe mzigo mkubwa kuliko mwenye mingi? Vipo hata vijiji katika jimbo hili visivyo na kanuni zozote za matumizi ya ardhi, na ukivuka tu mpaka wa mji hadithi yote inabadilika.

Halafu kuna kalenda. Afisa ana siku 30 za kujibu tangu maombi yako yakamilike, na akinyamaza zaidi ya hapo sheria inahesabu kwamba umepewa. Kibali kikitoka, hakianzi kazi mpaka zipite siku 15 za rufaa. Ukipeleka maombi katikati ya Januari, siku 45 zinakufikisha mwisho wa Februari, na ndipo utomvu unaanza. Msimu wenyewe ni wiki nne hadi sita. Tena Januari ardhi imeganda kama jiwe, huchimbi shimo la nguzo hata ukiwa na vibali kumi. Sisi barua ilitukuta mwezi wa kumi na moja. Msimu ule tulichemsha tena nje, juu ya matofali.

Zile siku 15 nataka nizisemee peke yake. Sheria inataka tangazo la kibali libandikwe mahali linapoonekana kutoka barabarani mpaka muda wa rufaa upite. Letu lilikuwa jekundu. Sisi tuliokulia Tanzania tuna kumbukumbu na rangi hiyo: ile X inayopakwa ukutani, ukiamka asubuhi unaikuta, na mtaa mzima unajua nyumba yako imehukumiwa. Nilipopigilia ile karatasi kwenye mti wa mbele mkono ulikuwa mzito. Nilihisi nawaambia wapita njia kwamba hapa kuna mtu mwenye kosa. Siku ya nne gari likasimama. Akashuka mama mmoja wa barabara ya juu, ambaye tulikuwa tunapungiana mikono tu kwa miaka mitatu, akaisoma karatasi, akaja mpaka mlangoni. Alitaka kujua tutachemsha lini mara ya kwanza, na kama tunahitaji ndoo, kwa kuwa marehemu mumewe aliacha ndoo 20 za bati gereji. Ndoo hizo ziko mitini kwangu kila msimu.

Nimesimulia haya kwa Waswahili wenzangu wa miji ya Burlington na Winooski, Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu, na wengi wananiambia neno lile lile: ungejenga tu, nani angekuona kule msituni? Nawaelewa. Watu waliokimbia nchi mbili au tatu hawapendi kuandika majina yao kwenye fomu wasiyolazimishwa. Lakini nawaomba wasifanye hivyo. Banda lenye moto wa kuni likishika moto, wa kwanza kuuliza karatasi atakuwa mtu wa bima, na atauliza kuhusu nyumba nzima. Na siku utakapotaka kuuza kiwanja, mwanasheria wa mnunuzi atakwenda kwenye kumbukumbu za mji na kukuta banda lisilo na jina. Afadhali fomu.

Tume ya mipango ya mji wetu inapitia kanuni zake mwaka huu. Nimeshaandika ukurasa mmoja, kwa hesabu zile zile za mirija 40 na galoni 10, na nitausoma kwenye kikao cha hadhara, nikiwa na Kiingereza changu chenye lafudhi ya Pangani. Yule jirani wa ekari 90 amesema atakaa kando yangu. Yeye hahitaji kibali, lakini alianza kwa ndoo 15 akiwa na miaka kumi na miwili.

Ni mwezi wa kumi sasa, majani yameshaanguka. Jumamosi iliyopita alikuja ndugu mmoja kutoka Bujumbura, amenunua nyumba upande wa pili wa mto, ana ekari 2 na mepo nzuri kuliko zangu. Aliniuliza, "Kaka, nianzie wapi?" Nikamwambia tuanze na tepu ya kupimia na karatasi nyeupe. Tulipima kutoka mpaka wa jirani, tukapima kutoka kijito, tukachora. Futi 27 kutoka uzio tukachomeka kijiti, naye akakifunga kitambaa chekundu juu yake ili theluji ikianguka bado akione.