Usiwatoe Wote Watano kwa Mpigo

Jumapili iliyopita timu yetu ya kikapu ilikuwa mbele kwa pointi 11, robo ya tatu inaelekea ukingoni. Kocha wetu akasimama, akapiga makofi mawili, akawatoa wachezaji wote watano wa kikosi cha kwanza. Wakaingia watano wa akiba, na wawili kati yao hawajawahi kucheza pamoja hata mazoezini. Dakika nne baadaye tulikuwa nyuma. Wale wa kwanza waliporudishwa miili ilishapoa, mechi ikatuponyoka.

Kufungwa nimekuzoea. Kilichonichoma ni shabiki mmoja, mtu mzima anayeujua mchezo huu, kusema kwa sauti, "Hawa watoto hawana moyo." Kijana mmojawapo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, anafungua kamba za viatu. Alisikia. Nikauliza kwa nini walitolewa wote pamoja, nikajibiwa kwamba hata NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wanafanya hivyo.

Ni kweli, wanafanya. Detroit Pistons walifanya msimu wa 2023/24, na mimi nililipia kwa usingizi wangu. Mechi ya saa 1 jioni kule Detroit, wakati wa baridi, huku kwetu ni saa 9 usiku. Niliamka Novemba nzima na Desemba yote. Walianza kwa kushinda mechi 2 kati ya 3, kisha wakafungwa 28 mfululizo. Hakuna timu iliyowahi kufungwa mfululizo mechi nyingi hivyo ndani ya msimu mmoja wa NBA. Walikuja kupumua Desemba 30, walipowafunga Toronto Raptors 129 kwa 127, na wakamaliza msimu wakiwa na ushindi 14 na vipigo 68.

Nataka tuitazame timu ile kwa makini, maana ilikuwa na vijana wazuri. Cade Cunningham, chaguo la 1 la mwaka 2021, yaani wa kwanza kuchukuliwa klabu zilipogawana chipukizi. Jaden Ivey, chaguo la 5 la 2022, ambaye msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 16. Jalen Duren. Ausar Thompson, chaguo la 5 la 2023, kijana anayekaba kama ana mikono minne. Halafu klabu ikamleta Monty Williams kwa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 78.5. Williams si kocha wa kubahatisha: aliifikisha klabu ya Phoenix fainali mwaka 2021 na mwaka uliofuata akawa Kocha Bora wa Mwaka. Hilo nalikubali, ingawa linaniuma, kwa sababu linafanya aliyoyafanya Detroit kuwa magumu zaidi kuyaelewa.

Ivey alianza msimu akitokea benchi. Nafasi mara nyingi ilikuwa ya Killian Hayes, chaguo la 7 la 2020, ambaye simlaumu hata kidogo. Alicheza alipoambiwa acheze. Kufika Februari klabu hiyohiyo ikauvunja mkataba wa Hayes. Hebu lipime jambo hili polepole. Ofisi, yaani viongozi wa klabu wanaosajili, imemchagua Ivey ili awe nguzo ya miaka kumi. Kocha anampa dakika mtu ambaye ofisi itamwacha kabla msimu haujaisha. Ivey amekaa benchi anajiuliza nini? Fedha imemwambia tunakuhitaji, dakika zikamwambia bado hatujaamua. Mchezaji anaamini dakika. Hata wa mtaani kwetu asiyelipwa senti anaamini dakika.

Sasa turudi kwenye lile la watano kwa mpigo, maana hapo ndipo roho yangu ilipo. Mara kwa mara, mwishoni mwa robo ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, Williams alikuwa anampumzisha Cade na vinara wenzake wote kwa wakati mmoja, anaacha uwanjani watano wa akiba peke yao. Kila aliyewahi kupika anajua kwamba unaweza kurekebisha figa moja sufuria likiwa jikoni. Ukiyaondoa yote matatu, ugali uko majivuni. Mchezaji wa akiba hajawa wa akiba kwa bahati mbaya. Mmoja anarusha vizuri lakini hawezi kujitengenezea nafasi. Mwingine anakaba, ila ukimpa mpira mkononi anapata taabu. Yule mrefu anadaka mpira chini ya kikapu endapo tu atapasiwa kwa wakati. Kila mmoja anahitaji mtu wa kumkamilisha. Ukimwacha Cade na akiba wanne, mabeki wawili watamkimbilia Cade, na mrushaji wako atasimama peke yake kule pembeni. Ukimtoa Cade, mrushaji yuleyule anabanwa mpaka anatupa mpira nje, halafu tunamwambia hana moyo.

Haihitaji fedha, hii. Unampumzisha kinara wa kwanza mapema, wa pili anabaki. Wa kwanza akirudi, wa pili anatoka. Dakika 48 zinapita bila hata moja uwanja kubaki yatima.

Najua hoja ya upande wa pili. Bojan Bogdanović alikosa wiki za mwanzo kwa majeraha, Monte Morris naye alikuwa nje, kwa hiyo kocha alikosa watu wazima wa kuchanganya na vijana. Sawa. Lakini Cade alikuwepo. Desemba 26 alifunga pointi 41 dhidi ya Brooklyn na bado wakafungwa. Siku mbili baadaye, Boston, waliongoza kwa pointi 19 kufikia mapumziko, wakaja kufungwa katika muda wa nyongeza. Nilizima simu alfajiri ile nikakaa kitandani gizani.

Ofisi nayo ilikosea: Stewart, Duren, Bagley na Wiseman, warefu wanne wa chini ya kikapu kwenye timu moja, na warushaji wa kuhesabu kwa vidole.

Williams alifukuzwa baada ya msimu mmoja, mkataba ukiwa na miaka mitano mbele yake. Waliofuata, Trajan Langdon ofisini na J.B. Bickerstaff kwenye benchi, hawakubomoa nyumba. Walimpa Cade mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 224. Wakamleta Tobias Harris, na wakamsajili Malik Beasley kwa mwaka mmoja tu, dola milioni 6. Beasley, akitokea benchi mechi nyingi, alifunga mipira 319 ya pointi tatu. Ni mtu wa akiba, lakini alijua anaingia lini, anaingia na nani, na nani atampasia. Ivey alicheza vizuri mpaka alipovunjika mguu Januari mosi. Timu ya ushindi 14 ikapata ushindi 44. Aprili 2025 wakawafunga Knicks palepale New York, ushindi wao wa kwanza wa hatua ya mtoano tangu 2008. Vijana waliokuwa "hawana moyo" ndio haohao.

Kwa nini jambo la Wamarekani linaniuma hivi? Kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Chaguo la 2 la mwaka 2009, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21. Memphis, klabu iliyomchagua, walimpa dakika 13 hivi kwa mechi, na msimu haujaisha wakamteremsha ligi ya chini. Baadaye Houston, Portland, Oklahoma City. Mwaka 2014 alipita hata Detroit, wakamwacha kabla ligi haijaanza. Alikuwa na mapungufu, sikatai. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, amechelewa. Lakini mtu aliyechelewa ndiye anayehitaji kujua dakika zake ziko wapi kuliko yeyote. Nimesikia watu wakimcheka vijiweni kwa miaka mingi, na sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza alikuwa anaingizwa na nani.

Kocha, shikamoo. Najua unasoma hapa. Jumapili hii tunacheza tena, na yule kijana wa viatu hajaja mazoezini tangu siku ile. Nimempigia, amesema atakuja. Akija, muingize mapema, robo ya kwanza, na umwachie kapteni pembeni yake.