Vichwa Kumi na Kimoja

Wenzangu ikifika tarehe 20 Desemba wana pa kukimbilia. Mchaga anafunga duka, anapanga familia ndani ya gari kama dagaa, huyo Moshi. Mhaya basi la Bukoba ameliulizia tangu Oktoba. Hata jirani yangu Mnyakyusa, mwenye pikipiki moja na madeni matatu, kaja mlangoni kwangu kifua mbele: "Jirani, nitunzie mbwa, naenda nyumbani Tukuyu."

Nyumbani! Mimi Mgogo wa Dodoma mjini niende nyumbani wapi? Nivuke barabara halafu nirudi? Nimezaliwa Nkuhungu, nikachunga mbuzi pale ambapo leo pana duka la vigae. Sikuhamia mji mkuu. Mji mkuu ndio ulionihamia mimi, tena taratibu sana. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ulitoka 1973. Baba akausikia redioni, akafagia uwanja, akasubiri wageni. Waziri Mkuu akaja kuhamia Septemba 2016. Miaka arobaini na mitatu! Halafu mke wangu ananinunia kwa sababu ya plasta ya sebuleni, ambayo imechelewa miaka sita tu.

Na tangu Aprili 2018 sisi ni jiji. Siku ile niliamka mtu wa manispaa, nikalala mtu wa jiji, kwenye kitanda kile kile chenye tofali mguuni.

Sasa sikiliza uonevu wenyewe. Mimi ni kinyozi. Saluni yangu iko Makole, viti viwili, kioo kimoja kilichopasuka kwa ustaarabu. Mwaka mzima nakula kwa vichwa. Bunge likikaa, vinakuja vichwa vya madereva na wasaidizi, watu wanaonyolewa huku wanaongea na simu mbili. Wanafunzi wa chuo kikuu wanashuka kutoka kule Chimwaga na picha ya mchezaji mpira wa Ulaya: "Kinyozi, nitoe kama huyu." Nakutoa, lakini sura tuachie wazazi wako. Desemba ikiingia, Bunge limeahirishwa, wanafunzi wamekwenda kula sikukuu kwao, na wizara kule Mtumba zimebaki na walinzi. Mji unabaki na vichwa vya wenyeji, na kichwa cha mwenyeji kinanyolewa kwa mkopo.

Ndipo mwezi huo huo, mfuko umekauka kama Dodoma ya Oktoba, ndugu wanapokumbuka kwamba wana mtu makao makuu.

Zamani nilikuwa na kinga. Mtu wa Dar akisema anakuja, namwambia kwa uchungu: "Ni mbali jamani, mtachoka, basi saa nane, saa tisa, na watoto wadogo hao!" Anaahirisha. Ilipozinduliwa treni ya umeme, Agosti 2024, nilipiga makofi na wenzangu hadi viganja vikawaka. Sikujua nashangilia msiba wangu. Siku hizi shemeji anakunywa chai Dar, anakuja kula chakula cha mchana kwangu. Hajachoka hata kidogo. Anashuka amenyooka, shati limenyooka, njaa imenyooka.

Tarehe 23 wakashuka kumi na mmoja. Shemeji, mkewe na watoto wanne. Shangazi na wajukuu wawili, na sufuria lake mwenyewe, kubwa, la kupikia ubwabwa wa harusi. Mtu akija na begi unajua analala siku tatu. Akija na sufuria, huyo anahamia. Wa mwisho ni binamu yangu na kijana wake aliyemaliza chuo, na bahasha ya vyeti kwapani.

"Kaka, wewe si uko makao makuu?" binamu akaanza hata maji hajanywa. "Mpe dogo namba ya waziri yeyote."

Waziri yeyote! Kana kwamba wanauzwa kwa fungu pale soko la Majengo. Kiongozi niliyemkaribia kuliko wote ni dereva wa naibu katibu mkuu, nilimnyoa mara moja, na mpaka leo ananidai chenji ya elfu mbili. Nikimwona kwa mbali najificha nyuma ya pazia la saluni yangu mwenyewe. Ndio mtandao nilionao serikalini.

Mke wa shemeji yeye alitaka zabibu. Katoni mbili, za kupelekea majirani. Nikamweleza kwamba zabibu za Dodoma zina mavuno mawili, ya mwanzoni mwa mwaka, Februari hadi Machi, na ya Agosti na Septemba, na kwamba saa hizi zilizoko mtini ukizitafuna unakunja uso hadi masikio. Akamgeukia mume wake, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata mbwa wa jirani aliisikia: "Sema tu hataki kununua."

Maji je? Mtaani kwetu maji yana ratiba, na ratiba yenyewe ina mambo yake. Tunajaza mapipa usiku, tunayalinda kama mahari. Watu wa Dar wanaoga mara tatu kwa siku! Asubuhi, mchana, na usiku "kuondoa vumbi". Vumbi la Dodoma haliondoki, ndugu yangu. Unaliazima tu kwa muda. Mtoto wa pili wa shemeji alioga ndoo nzima, akatoka anauliza ya kusuuzia iko wapi.

Lakini yote hayo nilivumilia. Kilichoniua ni vichwa.

Ilianza kwa utani. Shemeji kajishika kisogo: "Shemeji, hebu nipunguze hapa nyuma." Nikampunguza. Shangazi akasema na yeye nywele zinamtia joto, nizitoe zote. Watoto wa kike shule zinafunguliwa Januari, na shuleni kwao kichwa lazima kiwe upara kama yai, basi wakapanga foleni. Wa kiume wakataka mistari pembeni. Kijana wa bahasha alitaka "mtindo wa usaili". Mke wa shemeji, aliyeninunia kwa ajili ya zabibu, akainamisha shingo nimchonge mapindo. Vichwa kumi na kimoja kwa siku moja! Mwezi mzima sijaona biashara kama ile. Mapato: "Mungu akubariki." Umeme wangu, spiriti yangu, poda yangu, mgongo wangu. Na shangazi aliponyanyuka kwenye kiti alijipapasa akasema upande wa kushoto nimempunja.

Krismasi tuipite haraka, maana mbuzi mwenyewe alipita haraka. Kwenye kundi la simu la ukoo tulikubaliana kila nyumba itoe elfu thelathini, tukamchukue mnadani Msalato. Dole gumba walituma wote. Hela nilituma mimi. Nilipokumbusha, mmoja akajibu kwa picha ya mikono inayoomba na maneno "tuko pamoja". Mbuzi akaliwa mchana mmoja, na supu ya kichwa wakasema ni ya mwenye nyumba, kwa heshima. Vichwa tena.

Usiku wa tarehe 31, kabla ya kwenda mkesha, shemeji akaomba utulivu. Shemeji anafanya kazi kwenye ofisi ambayo kila wiki ina semina, na semina zimemwingia mwilini. Akasema familia lazima ifanye tathmini ya mwaka. Kila mdau aeleze mafanikio na changamoto. Tulikuwa watu wa familia tangu asubuhi, jua linazama tumeshakuwa wadau.

Akatoa karatasi kubwa na gundi ya utepe, akaibandika ukutani. Ikadondoka. Akabandika tena. Ikadondoka. Akalamba utepe, akasukuma kwa kiganja, puu, chini. Gundi haishiki tofali tupu. Watu kumi na sita ndani ya sebule ile wote wakageuka kuutazama ukuta, halafu wakageuka kunitazama mimi. Mke wangu hakusema neno. Alitabasamu tu, kama mtu aliyesubiri mwaka mzima utepe ule.

Nikajua nimekwisha. Binti yetu wa darasa la nne akainuka na daftari la Hisabati. Kumbe ahadi zangu za mwaka jana, nilizozitoa nikiwa nimeshiba, mtoto aliziandika nyuma ya majedwali.

"Baba," akasoma kwa sauti ya risala. "Moja, kupiga plasta. Mbili, kuacha kukaa kijiweni hadi saa nne usiku. Tatu, kumnunulia mama friji. Nne, kufungua saluni ya pili."

"Tuanze na ya kwanza," shemeji akasema.

"Bado," akasema mtoto.

"Ya pili?"

"Bado."

"Tusiseme bado," shemeji akamrekebisha. "Tuseme iko kwenye mchakato."

Hapo nilimpenda shemeji kidogo. Nikasimama, nikafunga kifungo cha shati, nikajibu jinsi ninavyowasikia wakubwa wakijibu kwenye redio ya saluni: "Ndugu wajumbe, kazi ya plasta imefikia asilimia arobaini. Mchanga uko eneo la mradi."

"Mchanga gani?" mama yangu mzazi akauliza kutoka kwenye mkeka. "Ule ambao kuku wanataga juu yake?"

Walicheka mpaka shangazi akashika mbavu. Wengine wakafuata zamu zao. Shemeji mafanikio yake yalikuwa kujengewa uwezo, mara tatu, Bagamoyo, Morogoro na Arusha. Binamu akasema mwaka huu amejifunza kuwajua watu, akanikazia macho. Kijana wa bahasha akasema changamoto yake ni mtaji, na kwamba mafanikio ataleta baadaye. Shangazi alisema neno moja, "Nimevuka," akanyamaza.

Na sote tukanyamaza, maana kigoda cha baba kilikuwa pale pembeni. Mzee alituacha mwezi wa nne. Kwa siku nane nyumba ilijaa watu hadi wengine walilala jikoni, watoto walikaa juu ya ndoo, lakini hakuna aliyekikalia kile kigoda. Tulikuwa tunakizunguka kama jiko la moto. Mimi nilijifanya natafuta soketi ya simu.

Mama akainuka kwenye mkeka, akakivuta kigoda, akakalia. Akatengeneza khanga.

"Mbukwenyi," akatuamkia upya, kama ndio kwanza tumefika. "Nimewasikia. Mnatathmini mwaka. Mwaka gani huo? Kwetu mwaka hauishi Desemba, Desemba ndio unaanza. Mvua yetu ni moja tu, ikianza sasa inatuacha mwezi wa nne. Mtu hatathmini mbegu ambayo bado iko kwenye kibuyu." Akanielekeza kidole. "Na huyu msihangaike naye. Huyu maisha anayaberega."

Kwa asiyejua: kuberega ni kule kufyeka juu juu, ukachoma majani, ukafukia mbegu bila kulima, halafu ukamwachia Mungu. Wagogo tunalijua sana. Sikuwahi kusikia mtu ameeleza maisha yangu vizuri namna ile, tena bila karatasi ya ukutani.

"Juzi mvua imenyesha vizuri," mama akaendelea, mpole kabisa. "Udongo wa Zuzu umelowa mpaka chini. Shamba la mzee halijaguswa. Mimi peke yangu siwezi, lakini Mungu ameniletea watu kumi na mmoja wenye mikono. Mkitoka mkesha msilale sana. Saa kumi na moja alfajiri tunakwenda. Majembe nimeshaazima."

Sijawahi kuona utulivu kama ule kwenye semina yoyote. Shemeji akakunja karatasi yake taratibu, mara mbili, mara nne, mpaka ikawa kama bahasha.

Tulikwenda mkesha. Saa sita ikagonga, tukashangilia tumevuka, tukakumbatiana, shemeji akanikumbatia muda mrefu isivyo kawaida. Alfajiri nikaamka, nikakuta sebule nyeupe! Magodoro yamekunjwa, mashuka yamekunjwa, mapipa ya maji yamebaki wazi. Shemeji alikuwa amekumbuka kikao cha dharura, Januari mosi. Binamu alikumbuka kijana ana usaili, siku ya sikukuu. Treni ile ile iliyowaleta kabla hawajachoka ndiyo iliyowabeba kabla hawajalima, na hapo nikaisamehe.

Shangazi hakuondoka. Alikuwa uani, khanga kiunoni, upara wake unang'aa, upande wa kushoto kweli nilimpunja, ananoa jembe kwenye jiwe. Nikarudi chumbani kwa kunyata ili nikajisikie homa. Mama akaniwahi mlangoni na jembe la pili. Mpini wake mrefu, umelainika katikati pale mzee alipokuwa anashika.

"Viatu hivyo vua," akasema.

Kufika saa nne nilikuwa na mistari mitano ya uwele na malengelenge saba. Simu ikalia. Jirani, kutoka Tukuyu, nyuma yake nasikia ngoma na watu wanacheka.

"Jirani, heri ya mwaka mpya! Mbwa hajambo?"

Nikageuka. Mbwa wake alikuwa chini ya mbuyu, tumbo limejaa mifupa ya mbuzi niliyemlipia peke yangu, amelala chali.

"Hajambo," nikamwambia. "Ila wahi kurudi. Mama ameanza kumtazama."