Fuvu la niata na kichwa cha supu

Mfugaji mmoja wa Kilwa, kati ya waliofika Lindi na mifugo yao baada ya kuondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007, aliniuliza: ng'ombe keshatoweka, kupima kichwa chake kunamsaidia nani?

Tulikuwa tunamzungumzia niata, ng'ombe wa Argentina na Uruguay ambaye mwanasayansi Charles Darwin alimwona mwaka 1833, na ambaye leo hayupo tena. Paji fupi na pana, pua imebinuka juu, taya la chini limechomoza kupita la juu, meno nje muda wote.

Swali lake ni la haki. Mbung'o na ndigana vinaua, na josho likikosa dawa, fuvu la Amerika Kusini halimponyi ndama. Anayetaka chanjo kwanza simpingi.

Lakini utafiti wa mafuvu ya niata umeeleweka vibaya. Wengi walimdhania niata kuwa kilema tu, mnyama mwenye ugonjwa wa mifupa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, wa mafuvu yaliyotunzwa makumbusho pamoja na vinasaba vyake, ulionesha kuwa niata alikuwa kosaafu kamili, yaani aina halisi ya ng'ombe inayojitegemea. Hata katika kutafuna, fuvu lile lilibeba mkazo mdogo kuliko la ng'ombe wa kawaida. Uso uliochekwa ulikuwa unafanya kazi yake.

Kinachonikosesha usingizi ni ukame. Darwin aliandika kuwa malisho yakiwa marefu, niata alikula sawasawa na wenzake. Nyasi zikiisha, wenzake walijiokoa kwa kuchuma vijiti na matete kwa midomo. Yeye midomo haikukutana, na asipohudumiwa alitangulia kufa. Miaka ya mvua usingeuona udhaifu huo. Basi na uwezo wa zebu wetu, ng'ombe wa asili mwenye nundu, hatuuoni mvua ikiwa nzuri! Tunampandisha na madume ya kisasa tupate maziwa zaidi, jambo jema kwa familia, ila ustahimilivu wake wa joto, kupe na safari ndefu za maji unaweza kupungua kizazi hadi kizazi, nasi tusiwe na cha kulinganishia.

Nenda machinjioni alfajiri. Kichwa kinaunguzwa manyoya, kinapasuliwa kwa shoka, ulimi unakwenda kwenye supu, mifupa inatupwa nyuma ya banda. Kuweka kando mafuvu machache, kuyaosha, kuandika ng'ombe alitoka kijiji gani na kuhifadhi kipande cha sikio kwa ajili ya vinasaba, hakumnyimi ndama wa Kilwa chanjo yake.