Ukiwa mtu wa baiskeli, Dar upange wapi?

Dalali wa Dar es Salaam atakuuliza bajeti yako, choo cha ndani au cha nje, na kama una familia. Barabara haimhusu. Kwa anayekwenda kazini Posta, katikati ya mji, kwa baiskeli, barabara ndiyo ya kwanza kuangalia, maana wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Ukishalipa ndipo ukagundua njia haipitiki, hela ya dalali nayo imeshakwenda.

Wanaotetea pembezoni wana hoja nzito. Kodi ya chumba Upanga inaweza kukupatia nyumba yenye uwanja Kimara au Mbezi, watoto wakapata pa kuchezea na baiskeli ikalala ndani ya geti. Kimara ina na la ziada: Barabara ya Morogoro, iliyojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016, ina njia ya baiskeli na waenda kwa miguu pembeni. Kwenye ramani, sijui mtaa wa mbali unaomfaa mtu wa baiskeli kuushinda huo.

Ukiingia barabarani mambo ni mengine. Njia hiyo wameigeuza yao bodaboda wanaokwepa foleni, wengine wakija kinyume, na ukifika Manzese unakuta meza ya viatu vya mtumba katikati yake. Asubuhi unateremka kutoka Kimara hadi Ubungo karibu bila kukanyaga pedeli. Jioni umechoka, na mlima ni uleule. Halafu kuna jua. Kimara iko magharibi mwa mji, kwa hiyo linakupiga usoni ukienda, likakupiga usoni tena ukirudi. Wewe utavaa kofia, lakini dereva aliye nyuma yako naye anatazama jua hilohilo, na wewe uko mbele yake.

Kigamboni, ng'ambo ya bandari, inasifiwa kwa sababu baiskeli inapanda pantoni, na ukishuka Kivukoni umeshafika mjini. Ni kweli, mpaka siku pantoni inapokuwa na hitilafu. Hapo unazunguka Daraja la Nyerere, nalo linakutupa Kurasini kwenye malori ya makontena yanayotoka bandarini. Mitaa mingi ya ndani ya Kigamboni ni mchanga mtupu. Tairi nyembamba itakushusha uisukume.

Mimi naegemea katikati: Ilala, Magomeni, Kinondoni. Umbali ni mfupi, lakini kikubwa zaidi ni kwamba una njia nyingi. Barabara kuu ikichafuka unakata mitaani, na Kariakoo foleni yenyewe inayapunguza magari mwendo. Madereva wa huko wameshazoea kupishana na mikokoteni na baiskeli za mizigo. Si kwamba wanakupenda, ila wanakuona.

Gharama yake unaikuta nyumbani. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba pande mbili na korido katikati, na baiskeli yako itaegeshwa koridoni. Usiku mpangaji mwenzio anakwenda choo cha uani, pedeli inamkwangua ugoko, na asubuhi mama mwenye nyumba anakuita. Utaishia kuilaza chumbani kati ya kitanda na kabati, matope yake na grisi yake. Ghorofa za Upanga zina kivuli cha miti mtaani, ila zile zisizo na lifti, kubeba baiskeli mpaka ghorofa ya nne kila jioni ni kazi nyingine.

Na katikati nako kusichukuliwe kuwa kumoja. Kati ya Magomeni na mjini kuna bonde la Msimbazi, na kwenye mvua za masika barabara ya Jangwani imeshafungwa mara nyingi kwa mafuriko. Kinondoni nayo inatenganishwa na Posta na mto huohuo. Ilala iko upande wa mjini, havuki mtu. Kwa mtu asiye na gari la kukaa ndani akisubiri maji yapungue, hilo kwangu linatosha kuiweka Ilala mbele, korido na yote.

Mwenye watoto watatu hatanisikiliza, na sitamlaumu. Akae Kimara, baiskeli iwe ya kwenda sokoni na kituoni, Posta aende kwa mwendokasi. Asiye na watoto, kabla hajamlipa dalali, aiendeshe kwa baiskeli njia ya kutoka nyumba hiyo hadi kazini, siku ya kazi, saa moja asubuhi na tena saa kumi na moja jioni. Jumapili isihesabiwe.