Dodoma tunajua kuchanga, ila kila tukichanga tunavunja kibubu

Mimi ni mweka hazina wa kituo kidogo cha watoto wenye ulemavu hapa Chang'ombe, Dodoma, na nikisema kituo usiwaze jengo lenye geti na kibao, ni vyumba viwili na uwanja wa nyuma wenye mwarobaini mmoja, kina mama watatu wanapokezana zamu, na watoto kumi na nne ambao mama zao wanawaleta asubuhi ili wao waende kuuza mboga Sabasaba au kufua nguo za watu Area C, jioni wanawafuata. Kazi yangu mimi ni kaunta buku. Kinachoingia naandika kushoto, kinachotoka kulia, risiti nazibana na pini.

Sasa mwezi wa nne mwaka 2025 wilichea ya mtoto mmoja iligoma. Ukiisukuma, kile kitairi kidogo cha mbele kinajikunja pembeni kinachimba mchanga, mtoto anainama mbele kama anataka kuanguka halafu anacheka, maana yeye anaona ni mchezo. Nikamwita fundi baiskeli wa pale kona. Akakifungua, akatoa beringi imejaa kutu na vumbi jekundu, akaniwekea kiganjani akasema, "Mama, hii hata ukiipaka grisi haitoboi, nunua mpya, zinaingia mbili, nipe elfu kumi na mbili na kazi yangu humohumo."

Elfu kumi na mbili. Na kwenye akaunti hela ilikuwepo, hilo ndilo linaniuma mpaka leo, ilikuwa milioni moja na ushee. Lakini ilikuwa hela ya semina, tumepewa na asasi kubwa ambayo nayo inapewa na Wamarekani, na tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, basi huko juu wakaambiwa simamisheni, wao wakatuandikia na sisi simamisheni, msiguse hata senti mpaka mpate maelekezo. Maelekezo tukayasubiri, wapi. Tarehe 1 Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikaacha rasmi kusimamia misaada, kazi zilizobaki zikahamishiwa wizara yao ya mambo ya nje. Na tuseme ukweli, hata kabla ya amri hiyo nisingeweza kununua beringi kwa hela ya semina, kwa sababu kwenye bajeti za miradi kila mstari una jina lake, kuna mstari wa chai ya washiriki, kuna wa bango, kuna wa nauli ya mkufunzi, mstari wa beringi haupo. Nilitoa mfukoni, mtoto akatembezwa, maisha yakaendelea, lakini mimi sikulala vizuri.

Sikulala vizuri kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Bajeti milioni 20. Tuliifikisha kwa wiki tisa, na mtaa wetu sio mtaa wa matajiri, tuna mama lishe, tuna waalimu, dereva wa bajaji, kijana wa duka la spea. Naomba nieleweke, harusi siisemi vibaya, yule binti nimemlea mwenyewe na nilicheza mpaka viatu nikavua. Ila angalia ile kamati inavyofanya kazi. Kila usiku saa tatu mweka hazina anatupia orodha kwenye grupu la wasapu, jina lako, ahadi yako, umelipa ngapi, bado ngapi, ukimaliza unawekewa tiki. Kuna mtu anatuma elfu tano tano kila Ijumaa mpaka anamaliza hamsini yake. Nimeona mtu anaamka usiku kuangalia kama tiki yake imewekwa na kama haijawekwa anapiga simu saa hiyohiyo. Hapo hakuna mkaguzi, hakuna mshauri mwelekezi, na hela haipotei, kwa sababu macho mia mbili yanaisoma kila siku.

Kwa hiyo mtu akiniambia Watanzania hatutoi, tunasubiri Wazungu, huwa namkatalia palepale. Tunatoa msibani kabla hata mwili haujafika. Tunatoa kanisani, tunatoa msikitini Ijumaa, tuna vikundi vya kufa na kuzikana, tuna vikoba. Tatizo letu ni kwamba kila tunapochanga tunachanga kwa ajili ya siku moja, siku ikipita tunaita watu kuvunja kamati, kinachobaki kinanunua nyama na soda, kesho asubuhi tumeanza upya na sifuri. Mtoto wa wilichea yeye hana siku yake. Yeye ana kila siku.

Ninachokitaka mimi, na nakisema wazi, ni Dodoma kuwa na mfuko wa jamii wa kudumu, hela ya watu wa Dodoma, inayokaa Dodoma, mtaji wake hauguswi, faida yake ndiyo inagawiwa kwa vituo na vikundi vidogo kama chetu ambavyo hakuna mfadhili wa nje atakayevijua.

Nilipolipeleka wazo hili kwenye kikao chetu niliongea kwa karatasi, nikaanza na mtaji na gawio, watu wakawa wananiangalia tu. Mzee mmoja wa Mvumi aliyekuja kama mzazi, mjukuu wake yuko kituoni, akanikatisha. "Mwanangu, mbona unazunguka sana, wewe si unatuambia habari za ng'ombe." Akaeleza kwamba zamani kwa Wagogo mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizini kwake, aliwagawa kwa marafiki, wengine Bahi wengine upande wa Mpwapwa, yule anayefuga anakunywa maziwa na kupata samadi, ng'ombe anabaki wa mwenyewe na anazaa, ukame ukipiga huku kule kumebaki mbegu. "Mgeni akija humchinjii ng'ombe wa maziwa, unamkamulia." Kikao kizima kikaelewa kwa dakika mbili kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiandikia kurasa nne, na tangu siku hiyo hatuuiti mfuko, tunauita zizi.

Wazo lenyewe wenzetu walishalifanya. Mwaka 1914 kule Cleveland, Marekani, mwanasheria aliyekuwa anaendesha benki, Frederick Goff, aliona matajiri wanakufa wanaacha wosia kwamba hela yangu isaidie jambo fulani tu, miaka inapita jambo lenyewe halipo tena, hela imekaa imefungwa na marehemu hayupo wa kumuuliza. Akaanzisha mfuko mmoja wa mji mzima wenye kamati ya watu wa pale inayoangalia shida ya sasa hivi ni ipi. Nilivyosoma hiyo nikakumbuka mstari wangu wa chai ya washiriki. Hapo jirani Kenya wana Kenya Community Development Foundation tangu 1997, imeanzishwa kwa wazo kwamba jamii ijijengee mtaji wake. Sisi tuna Foundation for Civil Society, taasisi inayotoa ruzuku kwa asasi, imesaidia asasi nyingi nchi hii na naiheshimu, ila hela yake kwa sehemu kubwa imekuwa ikitoka kwa serikali za nje, na mwaka 2025 ulitufundisha kwamba anayesaini huko mbali akiweka kalamu chini, huku Chang'ombe kinakwama kitairi.

Tufanye hesabu basi maana mimi ni mtu wa hesabu. Kituo chetu kinakula kama laki sita kwa mwezi, uji, sabuni, posho ya kina mama, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekuja mara mbili, yaani milioni 7 na laki 2 kwa mwaka. Hatifungani, yaani unaikopesha serikali hela yako nayo inakulipa riba, ile ya miaka 25 mwaka 2022 ilitolewa kwa riba ya asilimia 12.56, inalipwa kila miezi sita. Riba zinabadilika kila mnada kwa hiyo chukua kama mfano tu, lakini milioni 60 kwa riba hiyo inazaa milioni 7 na nusu kwa mwaka. Milioni 60 ni harusi tatu za mtaani kwetu. Harusi tatu zikilala pale, kituo kinaishi miaka 25 na mtaji uko palepale. Najua shilingi inashuka thamani, ndio maana sio faida yote inagawiwa, sehemu inarudi kunenepesha ng'ombe. Na kwa kuanza huhitaji milioni 60, Benki Kuu, BoT, wanapokea kuanzia milioni moja, na kama hata hiyo ni nzito kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT ambayo mama muuza karanga anaweza kuingia.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki saba na nusu ndani ya jiji letu. Chukua mmoja kati ya kumi, atoe buku moja tu kwa mwaka. Ni zaidi ya milioni 75.

Hapa kuna jambo nataka niongee na ndugu zangu watumishi. Tangu Hayati Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, mji umejaa, Mtumba imekuwa mji mwingine, Nzuguni, Ihumwa, Nkuhungu kote nyumba mpya. Wengi wenu mko kwenye vikundi vya watu wa nyumbani, mnachangia shule ya kijijini Kilimanjaro, zahanati ya Kagera, na ni vizuri sana. Lakini mtoto wako amezaliwa hapa, anasoma hapa, anapokuja kuulizwa nyumbani ni wapi atasema Dodoma. Yule mama anayekufulia nguo Jumamosi mtoto wake yuko kwenye uwanja wetu chini ya mwarobaini. Dodoma nayo ina haki ya kuwa na watu wa nyumbani.

Kuna watakaosema mbona halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Ipo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024, na kuna kina mama imewatoa. Ila ule ni mkopo, unarejeshwa, na kumlea mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe sio biashara inayotoa marejesho.

Na kuna wale wageni wa siku moja. Siwezi kuwataja na sina chuki nao, nia yao ni njema, lakini lazima niseme. Wanakuja na fulana za kufanana, wanaleta boksi la sabuni, pampasi, katoni za juisi, wanapanga watoto mstari, wanapiga picha, wanaondoka kabla ya saa sita. Mwaka jana tulipata wageni wa aina hiyo mara tatu ndani ya wiki moja ya sikukuu na juisi ikabaki mpaka ikaharibika, halafu kuanzia Februari mpaka Juni hatukuona mtu. Mmoja nilimuuliza kwa adabu kabisa, baba, hii hela ya usafiri na fulana mngeweza kutuwekea kidogo kidogo kila mwezi? Akaniambia kampuni inataka kitu kinachoonekana. Mimi natamani aje amuone yule mtoto siku kitairi kimezunguka, labda angeona.

Halafu wafanyabiashara wengi hawajui kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inawaruhusu kutoa kwenye mahesabu yao ya kodi msaada waliotoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na TRA, mpaka asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kituo kama chetu hakina ubavu wa kufuatilia utambuzi huo. Mfuko mmoja wa jiji zima unao. Usajili wa asasi uko hapahapa Dodoma kwa Msajili wa NGO, bodi ya wadhamini inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ni makaratasi yanayochosha lakini yanawezekana.

Kinachonitisha ni kimoja, uaminifu. Nimewahi kuwa memba wa mfuko wa mtaa uliokufa, mwenyekiti alikuwa anashika kadi ya benki na namba ya siri peke yake, tulipouliza taarifa tukaambiwa tunamkosea heshima. Tulinyamaza kwa sababu ya heshima na hela ikaisha. Kwa hiyo zizi letu nataka liendeshwe kama kamati ya harusi, sio kama ofisi. Wasaini watatu wasio ndugu. Lipa namba moja, sio namba ya mtu. Orodha inatupiwa kwenye grupu na inabandikwa pia kwa mwenyekiti wa mtaa, msikitini na kanisani kwa wasio na simu kubwa, kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao imeingia elfu tatu. Na anayeomba msaada asiandikishwe andiko la kurasa thelathini kwa Kiingereza, aje na mzazi mmoja na jirani mmoja, aseme anahitaji nini na bei yake, kamati iende ikaone.

Tumeshaanza, kidogo. Vijana wa kijiwe cha bodaboda pale barabarani walikata tundu kwenye dumu la lita tano, kila mmoja anadumbukiza mia mbili akipata abiria wa kwanza. Mzee wa Mvumi alileta debe mbili za mtama tukauza. Baada ya harusi ile nilisimama kwenye kuvunja kamati nikaomba kilichobaki kisiliwe, nikaeleza habari ya beringi, kukawa kimya kidogo, bibi harusi mwenyewe akasema mama apewe. Laki tatu na elfu arobaini. Mpaka leo kaunta buku jipya lina laki nane na elfu sitini na moja, bado laki na ushee tufike milioni ya hatifungani ya kwanza, na sitagusa hata kama natamani, na natamani kweli, kwa sababu tangu Jumatatu lile tairi la upande wa pili limeanza kulia.