Nionyeshe bahasha

Shemeji yangu huendesha malori ya masafa marefu. Jumapili asipokuwa barabarani hupita kwetu kula pilau, na kabla sinia halijatua mezani simu imeshatoka mfukoni. "Shemeji, hebu tazama hii." Huwa ni video. Juzi ilikuwa ya mwanamume anayeshuka kwenye gari huko jimbo la Georgia, Marekani, uso umezibwa kwa ukungu, anatumbukiza bahasha kadhaa kwenye sanduku la kura za posta, anaondoka zake. "Umeona? Hivyo ndivyo walivyoiba."

Ubishi wetu juu ya kura za posta za Marekani ulianza Novemba 2020, Trump aliposhindwa na Biden akadai ameibiwa. Ulikuwa umepoa kidogo, hadi Agosti 2025 Trump alipotangaza kwamba ataongoza harakati za kuziondoa kabisa, basi moto ukaongezewa kuni. Naandika kwa sababu nimechoka kubishana ovyo. Yeye huleta shaka, mimi humjibu kwa dharau, mke wangu hutuambia chakula kinapoa. Miaka yote hiyo hatujawahi kukaa tukakubaliana jambo moja dogo: ni kitu gani hasa kikiletwa mezani tutakiita ushahidi?

Kwa wasomaji walioko nyumbani Kenya, ambako mtu huamka alfajiri akapanga foleni na kurudi na wino kidoleni, nieleze kwanza kitu chenyewe kinavyofanana. Hapa Pennsylvania, tangu sheria ya 2019, mpiga kura yeyote aliyejiandikisha anaweza kuomba kura imfuate nyumbani. Unatoa namba ya leseni ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Inakuja karatasi ya kura na bahasha mbili. Unajaza viduara kwa kalamu, unakunja, unaitia kwenye bahasha ndogo isiyo na jina. Hiyo ndogo inaingia ndani ya kubwa, na kubwa ndiyo yenye jina lako, msimbo wa mistari, mahali pa saini na pa tarehe. Mwaka wangu wa kwanza niliifunga ile kubwa, nikalamba gundi vizuri, halafu nikaiona ndogo imelala mezani inanitazama. Kura iliyokosa bahasha ya ndani wenyewe huiita kura iliyo uchi, na haihesabiwi. Nilifungua na mvuke wa birika kama mpelelezi.

Bahasha hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kura ya posta ina jina nje. Daftari la kaunti linaonyesha nani aliomba, lini ilitumwa, lini ilirudi. Mtu akisema kura hewa laki kadhaa ziliingia, amesema pia kwamba yapo majina laki kadhaa yaliyotumiwa, na nyuma ya kila jina ipo anwani unayoweza kwenda kuigongea mlango. Sasa mtu mwenye madai makubwa kiasi hicho akikosa hata majina mia ya kuanzia, mimi nafanyeje?

Chukua mfano ambao shemeji aliushikilia kwa miezi. Tarehe 25 Novemba 2020, katika hoteli mjini Gettysburg, maseneta wa Republican wa jimbo letu walikaa na Rudy Giuliani, wakili wa Trump, kusikiliza madai ya wizi. Likatolewa dai la hesabu: kura za posta zilizotumwa Pennsylvania ni 1,823,148, zilizohesabiwa ni 2,589,242. Toa moja kwenye nyingine, zimezidi 766,094. Biden alishinda jimbo hili kwa kura kama 80,000 tu. Ukiisikia mara ya kwanza inakukaba koo. Mimi mwenyewe nilinyamaza.

Halafu nikaketi na takwimu za jimbo zilizo wazi kwa kila mtu. Ile milioni 1.8 ilikuwa idadi ya uchaguzi wa awali wa Juni, wa kuteua wagombea. Kwa uchaguzi mkuu wa Novemba waliopewa kura za posta walikuwa kama milioni 3.1. Zikarudi takriban milioni 2.6. Hakuna kura iliyozidi. Kilichotokea ni kuchukua nguo za Juni ukazipima kwenye mwili wa Novemba. Nilimwonyesha shemeji. Akatazama, akakubali kwa kichwa, akasema, "Haya, hiyo tuiache. Lakini saini je?"

Na hapo ndipo ninapoudhika, nakiri. Dai likianguka, badala ya kupunguza uzito kwenye mzani, linafuatwa na jingine kana kwamba la kwanza halikuwahi kuwekwa.

Haya, saini. Georgia ilihesabu kwa mkono karatasi zake zote za kura za urais, kama milioni 5. Watu wakasema kuhesabu upya kura feki hakuzifanyi kuwa halali, jambo ambalo ni kweli kabisa. Kwa hiyo wachunguzi wa jimbo wakaenda kaunti ya Cobb wakakagua saini za bahasha 15,118. Hawakupata hata moja ya kughushi. Walipata mbili ambazo maofisa walipaswa kuwapigia simu wenyewe warekebishe kabla ya kuzipokea: moja ilitiwa saini na mke badala ya mume, nyingine mwenyewe alisaini upande usiostahili. Nimefurahi kuzijua hizo mbili. Kwangu zinaonyesha kwamba waliokagua walikagua kweli.

Shemeji ana hoja moja ambayo siidharau. Husema zile kesi zaidi ya 60 ambazo Trump na wafuasi wake walifungua kupinga matokeo, nyingi zilitupwa kwa vipengele vya sheria: mlalamikaji hana haki ya kushtaki, au amechelewa. Ushahidi haukufunguliwa. Ni kweli kwa nyingi kati ya hizo, na anayemjibu kwa kelele "mahakama 60 zilikataa!" bila kusema hivyo anamdanganya. Lakini si zote. Nevada, jaji James Russell alipokea ushahidi wa viapo, akawasoma wataalamu wa pande zote, akapitia madai ya wapiga kura marehemu, waliopiga mara mbili, mashine ya kukagua saini za kura za posta, na tarehe 4 Desemba 2020 akaamua kwamba hakuna lililothibitishwa. Mahakama ya juu ya jimbo ikamuunga mkono.

Tena yapo yaliyosemwa na waliodai wenyewe. Tarehe 17 Novemba, siku nane kabla ya Gettysburg, Giuliani alisimama mbele ya jaji Matthew Brann hapa hapa Pennsylvania. Alipobanwa alisema kwa kinywa chake kwamba hiyo si kesi ya ulaghai. Mbele ya jaji, wakili anayesema uongo anaweza kupoteza leseni. Hotelini, mbele ya kamera, wizi ukarudi. Kesi ikatupwa, ikakatiwa rufaa, na jaji Stephanos Bibas, aliyeteuliwa na Trump mwenyewe, akaandika kwamba kuuita uchaguzi si wa haki hakuufanyi uwe hivyo. Tuhuma zinahitaji madai mahsusi kisha uthibitisho, na pale hapakuwa na kimojawapo. Mimi siku hizi, kabla ya kusikiliza mtu anasema nini, huangalia amesimama wapi akisema.

Sisi Wakenya tunalijua hili kwa kuumia. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais, kwa sababu ya fomu na jinsi matokeo yalivyosafirishwa, na tume ilipoambiwa ifungue seva ikasuasua. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikakataa ombi la Raila Odinga, na baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa kama ushahidi ikasema ama zilitoka uchaguzi wa 2017 ama zilikuwa za kughushi tupu. Shemeji alishangilia hukumu moja, akailaani nyingine. Kura ya posta hatuna, lakini tabia tunayo.

Sasa niwageukie wa upande wangu, kwa sababu nao wana lao. Wapo rafiki zangu ambao ukitaja tu wizi wa kura za posta hukuangalia kama umesema dunia ni bapa. Hawa hawajasoma habari za Bladen.

Bladen ni kaunti ya mashambani huko North Carolina. Mwaka 2018, kiti cha Kongresi cha wilaya ya 9, mgombea wa Republican Mark Harris aliongoza kwa kura 905. Watu wakaona jambo la ajabu: katika kaunti ile, waliorudisha kura za posta walioandikishwa kama Republican hawakufika asilimia 20, lakini Harris alizoa asilimia 61 ya kura hizo. Angalia wachunguzi walifanya nini na takwimu hiyo. Hawakuisimamisha jukwaani waseme imeibiwa. Waliifanya mlango, wakaingia kutafuta watu.

Wakampata McCrae Dowless, mtu aliyekodiwa na kampeni. Alituma wasaidizi nyumba kwa nyumba, kwanza na fomu za kuombea kura, kisha kurudi kuchukua kura zenyewe, jambo ambalo sheria ya jimbo inalikataza. Msaidizi wake mmoja aliapa mbele ya bodi ya uchaguzi akaeleza. Saini za mashahidi walizighushi. Kalamu walitumia ya rangi ile ile aliyotumia mpiga kura. Stempu waliangalia wasizibandike kichwa chini, zisije zikafanana. Bahasha hawakuzipeleka kwa mkupuo. Walitia chache chache, kwenye posta iliyo karibu na nyumba ya mwenyewe. Nyingine zilifika mikononi mwao hazijafungwa, wakajaza sehemu zilizoachwa wazi.

Mwana wa mgombea, mwanasheria wa serikali, akatoa ushahidi kwamba alimwonya baba yake mapema juu ya mtu yule. Baba alikuwa amekaa palepale, akalia. Siku iliyofuata, tarehe 21 Februari 2019, Harris mwenyewe akasema uchaguzi urudiwe, na bodi ikapiga kura tano kwa sifuri. Hakuna aliyehitaji kuamini chochote. Walikuwepo watu, kalamu, stempu, njia, na idadi iliyoweza kugusa matokeo.

Tena tume ya uchaguzi ya rais wa zamani Jimmy Carter, wa Democrats, na waziri wa zamani James Baker, wa Republican, ilishasema mwaka 2005 kwamba kura za wasiofika kituoni ndizo chanzo kikubwa zaidi cha uwezekano wa udanganyifu. Hili halina chama. Kura inapotoka nje ya chumba cha siri, mtu anaweza kukaa nayo jikoni akishinikizwa na mumewe, bosi wake, au kijana mchangamfu wa kampeni. Hapa Pennsylvania mwaka 2020 bwana mmoja wa kaunti ya Delaware alimwombea kura mama yake aliyekwisha fariki, akaipiga, kwa Trump. Alikamatwa, akakiri, akapewa miaka mitano ya uangalizi wa mahakama.

Kwa hiyo wizi upo. Ni wa ukubwa gani? Shirika la habari la AP lilipita katika majimbo sita yaliyobishaniwa, likauliza kaunti kwa kaunti, na Desemba 2021 likatoa hesabu: visa vinavyotiliwa shaka havikufika 475, vya kura za kila namna, katika kura milioni 25.5. Tofauti ya Biden katika majimbo hayo sita jumla yake ilikuwa 311,257. Shemeji husema hao ni waliokamatwa tu. Sawa. Lakini Bladen ilivuja ikiwa na mtu mmoja na wasaidizi wachache katika kaunti ndogo. Wizi wa malaki ungehitaji akina Dowless wangapi, na wote wanyamaze miaka yote hii, wake zao wanyamaze, waliodhulumiwa malipo wanyamaze? Mimi hata siri ya sherehe ya kushtukiza haijawahi kudumu katika ukoo wetu.

Turudi kwenye video ya Georgia. Wachunguzi walimtafuta mwanamume yule. Zile bahasha zilikuwa zake na za watu wa familia yake wanaoishi nyumba moja, na sheria inaruhusu. Video ilitumika kwenye filamu ya mwaka 2022, na mwaka 2024 kampuni iliyoisambaza ikaiondoa na kumwomba radhi hadharani. Nilimweleza shemeji haya yote, pilau ikiwa bado ina mvuke. Yeye mwenyewe, kwa kuwa Novemba mara nyingi humkuta Ohio au Indiana, hupiga kura kwa posta. Hilo sikulitaja. Trump naye alipiga kwa posta Florida mwaka 2020, na hakuna aliyekosa usingizi.

Akafikiri kidogo, akaanza kupekua simu. "Na hii?"

Video nyingine. Bridgeport, Connecticut, Septemba 2023, uchaguzi wa ndani wa Democrats wa kumteua mgombea umeya. Mwanamke anatia karatasi kwenye sanduku la kura, anarudi tena. Meya Joe Ganim alikuwa ameshinda kwa kura 251.

"Hii ni kweli," nikamwambia. Jaji William Clark alizitazama picha hizo, watu wakatambuliwa, wakaitwa mahakamani, sheria ya kule inasema nani tu anaruhusiwa kupeleka kura ya mwenziwe, na tofauti ya kura ilikuwa ndogo kiasi cha bahasha zile kuweza kuibadilisha. Tarehe 1 Novemba akaamuru uchaguzi ule urudiwe. "Huo ndio ushahidi, shemeji. Hapo umenishika."

Nilitarajia afurahi. Aliiweka simu kifudifudi mezani, akanikazia macho kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei rahisi kupita kiasi.

"Sasa wewe," akasema, "uko upande gani?"

Mke wangu akamsogezea kachumbari.