Sevu kali haitoki kwenye misuli ya mkono

Katika tenisi, anayetaka sevu kali, yaani pigo la kuanzisha kila pointi, huambiwa yaleyale kila kiwanja: kaza mkono, vunja kifundo cha mkono, piga kwa nguvu zako zote. Kwa maoni yangu, ushauri huo umeharibu sevu nyingi kuliko udhaifu wa mwili wenyewe. Mpira wa tenisi haufiki gramu 60. Raketi ya mtu mzima ni gramu 300 hivi. Hapo hakuna mzigo wa kubebwa. Kinachotakiwa ni kichwa cha raketi kipite kwa kasi, na mkono uliokazwa haupiti kwa kasi, kwa sababu misuli ya mbele na ya nyuma hujikaza kwa wakati mmoja: huu unasukuma, ule unazuia.

Kabla ya yote, tazama mshiko. Mpini una pande nane. Raketi ikiwa imesimama kwa ukingo, weka fundo la chini la kidole cha shahada kwenye upande mwembamba ulio kulia kwa upande wa juu kabisa (wa mkono wa kushoto, geuza). Ukipitisha mkono mbele hivyo hivyo, kinachotangulia ni ukingo, si nyuzi. Wanaoanza huuchukia mshiko huu, kwani mipira ya kwanza inakwenda kushoto hovyo. Basi wanarudi kimya kimya kwenye mshiko wa forehendi, yaani ule wa pigo la kawaida la kiganja kikitangulia. Sevu inaanza kuingia, wanafurahi, na kasi yao inaishia hapo kwa miaka.

Mshiko wa forehendi ndio huzaa kosa la sinia. Raketi inapokuwa juu ya kichwa kabla ya kushuka mgongoni, nyuzi zinatazama angani kama sinia la pilau linalopitishwa kwa wageni. Kutoka hapo mkono hauna cha kufanya ila kusukuma, na kazi yote inabaki kwa kiwiko. Muombe mwenzako akurekodi kwa simu akiwa upande wako wa kulia, kisha simamisha video pale raketi ilipo juu: ukingo ndio unaopaswa kuonekana ukielekea juu, nyuzi zikitazama pembeni.

Kasi inatoka wapi, basi? Sehemu kubwa ya dakika ya mwisho, kama naweza kuiita hivyo, ni mkono wa juu kujizungusha ndani ya bega, pamoja na kigasha (mkono kati ya kiwiko na kifundo) kugeuka, ili ukingo uliokuwa ukienda kwenye mpira ufunguke na kuwa nyuzi wakati wa kugonga. Baada ya mpira kuondoka, kiganja kinatazama nje, upande wa kulia. Kifundo nacho hukunjuka, lakini hukunjuka kwa sababu kimelegea. Anayekivunja kwa makusudi huupeleka mpira kwenye neti, na baada ya muda ataanza kulalamika kiwiko.

Mzunguko huo hauanzii begani. Magoti yanakunjwa kiasi (usichuchumae), nyonga ya mbele inasogea kuelekea uwanjani, mkono uliorusha mpira unabaki juu, bega la kulia linakuwa chini ya la kushoto. Kisha miguu inasukuma, kiwiliwili kinageuka, mabega yanabadilishana nafasi, na mkono unachelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakoishusha raketi mgongoni. Wengi huipeleka raketi huko kwa mkono, wanakwaruza mgongo, wanasimama, halafu wanaanza upya. Ikisimama tu, kazi yote ya miguu imepotea.

Mtazame Mmarekani Andy Roddick. Mwaka 2004 alipiga sevu ya kilomita 249 kwa saa, na raketi yake haikuzunguka chini kama ya wengine. Aliipandisha karibu moja kwa moja. Kwa hiyo usihangaike kuiga mchoro wa mtu wa kwenye televisheni. Iga mpangilio. Urefu unasaidia, sikatai: Mmarekani mwingine, John Isner, aliyepiga kilomita 253 kwa saa mwaka 2016, ana mita 2.08. Lakini Ashleigh Barty wa Australia ana mita 1.66, na sevu yake ilikuwa silaha alipochukua Wimbledon 2021 na Australian Open 2022.

Suala la urefu lina hesabu yake. Neti katikati ni sentimita 91.4, mstari wa sevu, ambao mpira haupaswi kuupita unapodunda, uko mita 6.40 nyuma yake, na wewe uko karibu mita 11.9 upande wa pili. Ukipiga mstari ulionyooka kabisa kutoka mita 2.6, mpira unaoelekea kuangukia mstari wa sevu unagusa ukingo wa juu wa neti. Wachezaji wengi wa kawaida hugonga karibu na kimo hicho. Ndiyo maana anayepiga “kwenda chini” anakula neti. Hisia iwe ya kupiga juu, kichwa kikiwa bado kinautazama mpira. Mvutano wa dunia na mzunguko wa mpira vitaushusha.

Kurusha mpira ndiko kunakoamua kama haya yote yanawezekana. Ushike kwa ncha za vidole, mkono umenyooka, uinue kutoka begani, uachie usawa wa macho bila kuuzungusha. Ukiuacha uanguke, utue ndani ya uwanja, kama sentimita 30 mbele ya mguu wa mbele. Ukirusha nyuma ya kichwa, mgongo unapinda na mpira unatoka nje. Ukirusha chini mno, kiwiko kinabaki kimekunjika. Na kurusha juu sana ni kujitakia taabu, hasa Dar au Mombasa upepo wa kusi ukivuma.

Mazoezi ninayoyaamini ni machache. Piga sevu ukishika mpini kwa vidole vitatu, kidogo na cha pete vikiwa nje. Huwezi kukaza hata ukitaka. Shika raketi kwa shingo yake, mpini ukiwa juu, uzungushe kama sevu na usikilize: mvumo usikike juu na mbele, usisikike mgongoni. Kisha piga sevu 40, si 150, kwa kasi unayoweza kuirudia huku unaongea. Sevu ya pili, ile unayopewa ya kwanza ikikosea, usipunguze mkono hata kidogo. Badilisha njia ya raketi ili ikwangue mpira zaidi.

Anayecheza Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, asishangae akishuka Pwani na kuona sevu “imekufa”. Hewa ya huko chini ni nzito. Kanuni za kimataifa hata zina mipira maalumu ya sehemu zilizo juu ya mita 1,219. Mbinu haijabadilika, kwa hiyo asianze kukaza. Na bega likianza kuuma kwa mbele, apunguze idadi kwanza, halafu aangalie kama anarusha mpira mbali sana upande wa kulia.